Somo la Jumapili: Rushwa na Haki, Kule Nyumbani na Huku Ugenini

Mafungu ya kusoma nyumbani kabla ya darasa: Kumbukumbu la Torati 16:18-20, Kutoka 23:1-8, 1 Samweli 8:1-5 na 12:1-5, Matendo ya Mitume 24:22-27, Luka 18:1-8.

Lengo la somo: Kujua Mungu anadai nini kwa wanaohukumu na wanaohukumiwa, kuangalia kwa ukweli hali ya haki katika nchi tulizotoka na nchi tuliyomo, na kuamua pamoja tutaishije.

Utangulizi

Kila Jumapili baada ya ibada, tukishika vikombe vya chai, mazungumzo yetu hufika pale pale. Mmoja husema, "Kule kwetu hakuna haki, bila bahasha hupati kitu. Huku kuna sheria." Mwingine humjibu, "Huku nako ni wale wale, ila wanavaa suti." Kisha tunacheka, tunachukua watoto, tunakwenda nyumbani.

Lakini Jumatatu simu inalia. Ndugu yuko mahabusu, au shamba la baba limeingiliwa na kesi haisongi, na karani anataka "kitu kidogo". Na huku nako mmoja wetu ana barua ya mahakama ya uhamiaji mkononi na hajui aende kwa nani. Hapo mazungumzo ya kwenye chai hayatusaidii. Ndiyo maana leo tunalileta jambo hili mbele ya Neno.

1. Neno linasema nini

Katika Kumbukumbu la Torati 16, Mungu anawaagiza Israeli waweke waamuzi katika kila mji, na anawakataza mambo matatu: wasipotoshe hukumu, wasipendelee uso wa mtu, wasipokee rushwa. Sababu anayoitoa inatisha: rushwa huwapofusha hata wenye hekima. Angalieni vizuri, wapendwa. Hakutaja wajinga. Msomi, mcha Mungu, mzee wa kanisa, akipokea bahasha, macho yake yanafunikwa, na yeye mwenyewe anadhani bado anaona.

Kutoka 23 inaongeza jambo ambalo tunalisahau. Tunakatazwa kumnyima maskini haki yake katika kesi, na pia tunakatazwa kumpendelea maskini kwa sababu tu ni maskini. Haki ni kuangalia jambo lenyewe, hata kama aliye mbele ya hakimu ni mtu wa kabila letu au wa kanisa letu.

Kisha tazameni watu watatu.

*Wana wa Samweli.* Baba yao alikuwa mwamuzi mwaminifu, lakini Yoeli na Abiya walipenda faida, wakala rushwa. Matokeo yake watu walikata tamaa na mfumo mzima, wakadai mfalme. Hakimu mla rushwa huharibu zaidi ya kesi moja, kwa sababu huwafanya watu waache kuamini kwamba haki inawezekana.

*Samweli mwenyewe.* Uzeeni alisimama mbele ya taifa akawaambia wamshuhudie kama aliwahi kuchukua mali ya mtu au kupokea cha kumfumba macho. Kiongozi mkubwa alikubali kukaguliwa hadharani. Hakusema, "Mimi ni mtumishi wa Mungu, msiniulize."

*Liwali Feliki.* Biblia inasema wazi kwamba alimwita Paulo mara kwa mara akitumaini kupewa fedha. Paulo akakaa kifungoni miaka miwili. Hatusomi popote kwamba alilipa. Tunachosoma ni kwamba alitumia haki zake za kisheria kama raia wa Rumi, hata kukata rufani kwa Kaisari. Tukumbuke hilo, tutalirudia.

2. Tusipime kwa macho tu

Kuna shirika linaloitwa Transparency International, lililoanzishwa Berlin mwaka 1993 na Peter Eigen, Mjerumani aliyewahi kufanya kazi Nairobi katika Benki ya Dunia. Kila mwaka hutoa orodha ya nchi, kutoka 0 (rushwa tupu) hadi 100 (safi kabisa). Katika orodha ya mwaka 2023 Denmark ilipata 90, Uingereza 71, Marekani 69, Rwanda 53, Tanzania 40, Kenya 31, Uganda 26, na Kongo na Burundi 20 kila moja.

Namba hizi zinasema jambo la kweli, na tusizikatae kwa sababu ya aibu. Mama anayekwenda hospitali ya wilaya au kituo cha polisi katika nchi nyingi tulizotoka anakutana na mkono ulionyooshwa mara nyingi kuliko mama wa Copenhagen. Tanzania wanauita mkono huo "chai", Kenya "kitu kidogo", Kongo "matabishi", na wote tunajua maana yake.

Lakini tujue pia orodha hiyo inapima nini. Inapima jinsi wataalamu na wafanyabiashara wanavyoiona rushwa katika ofisi za umma. Haipimi fedha zilizoibiwa zimefichwa benki gani, wala kampuni gani ya ng'ambo ilileta bahasha. Wala haituambii kama maskini akifika mahakamani atasikilizwa sawa na tajiri. Rushwa na kukosa haki ni ndugu, lakini si kitu kimoja. Nchi yaweza kuwa na rushwa kidogo barabarani na bado ikamfunga asiye na kosa.

3. Rushwa ina mikono miwili

Wengi tunaikumbuka rada. Mwaka 2001 Tanzania, nchi iliyokuwa ndiyo kwanza inasamehewa madeni, ilinunua rada kutoka kampuni ya Uingereza, BAE Systems, kwa pauni milioni 28. Benki ya Dunia ilisema ni ghali mno na haifai kwa mahitaji ya nchi. Serikali ya Uingereza iliruhusu iuzwe. Baadaye uchunguzi ukagundua kwamba fedha nyingi zilipitia kwa dalali. Mwaka 2010 kampuni ilikiri mbele ya mahakama ya London kwamba haikutunza vizuri kumbukumbu za hesabu za malipo hayo. Ikatozwa faini ya pauni 500,000, na ikakubali kutoa takriban pauni milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania. Fedha hizo zikaenda kwenye vitabu vya shule na madawati.

Kosa lililokiriwa lilikuwa la vitabu vya hesabu. Hakuna aliyetiwa hatiani kwa rushwa katika kesi ile, na hatutakiwi kusema zaidi ya hapo. Lakini somo liko wazi. Tukisema "Afrika kuna rushwa", tuulize pia fedha ilitoka wapi. Mara nyingi mkono unaopokea uko Dar es Salaam au Kinshasa, na unaotoa uko katika jiji ambalo kwenye orodha linaonekana safi.

4. Afrika ina mahakimu waliosimama

Tusijidharau. Miaka ya nyuma Wakenya walikuwa na mzaha mchungu: ya nini kumlipa wakili wakati unaweza kumnunua hakimu? Mwaka 2003 kamati ya Jaji Aaron Ringera ilitaja majaji 23 na mahakimu 82 waliotuhumiwa. Wengi wao waliondoka, na wachache walipinga tuhuma zao na wakasafishwa. Ikaja Katiba ya 2010, majaji na mahakimu wakapitiwa upya mmoja mmoja, na wanaoomba ukuu wa mahakama wakaanza kuhojiwa hadharani, wananchi wakitazama kwenye televisheni. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta ushindi wa rais aliyekuwa madarakani, kwa kura nne dhidi ya mbili. Rais aliwasema majaji kwa maneno makali, lakini hukumu ilisimama na uchaguzi ukarudiwa.

Malawi ilifuata. Uchaguzi wa Mei 2019 ulipopingwa, majaji watano wa Mahakama ya Katiba walijaribiwa kwa fedha. Hawakunyamaza. Walitoa taarifa kwa Jaji Mkuu, naye akaipeleka kwa taasisi ya kupambana na rushwa. Februari 3, 2020, majaji wale wakiwa chini ya ulinzi wa jeshi waliufuta uchaguzi ule. Mfanyabiashara aliyejaribu kuwahonga alitiwa hatiani mwaka 2021 na kuhukumiwa miaka tisa.

Majaji watano wa nchi maskini waliikataa bahasha. Tuwasimulie watoto wetu habari hizi, maana huku shuleni wanasikia habari mbaya tu za bara letu.

5. Huku nako

Tukiangalia nchi hii tunayoishi, tuseme kwanza lililo jema. Wengi wetu tumepata leseni, namba ya kazi na cheti cha mtoto bila kuombwa senti. Tumsifu Mungu kwa hilo.

Lakini sikilizeni habari ya Luzerne, Pennsylvania. Majaji wawili, Mark Ciavarella na Michael Conahan, walipokea jumla ya dola milioni 2.8 zilizohusiana na vituo binafsi vya kufungia watoto. Watoto walifungwa kwa makosa madogo mno. Binti mmoja alifungiwa kwa kumfanyia mzaha makamu mkuu wa shule kwenye mtandao. Wengi walisimama mbele ya jaji bila wakili, baada ya wazazi kuwekewa karatasi ya kutia sahihi kwamba hawamhitaji. Majaji wale walishtakiwa mwaka 2009. Ciavarella alipewa miaka 28, Conahan miaka 17 na nusu, na Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ikafuta maelfu ya hukumu za watoto. Desemba 2024 Rais Biden alimpunguzia Conahan kifungo, na baadhi ya familia zililalamika hadharani.

Pia kuna upotoshaji usiohitaji bahasha. Katika majimbo mengi majaji huchaguliwa kwa kura, na kampeni zinahitaji fedha. Huko West Virginia mkuu wa kampuni ya makaa ya mawe alitumia takriban dola milioni 3 kumsaidia mgombea ujaji mwaka 2004, huku kampuni yake ikiwa na rufani inayokuja ya deni la dola milioni 50. Jaji yule alishinda, akakataa kujitoa, na kampuni ikashinda kwa kura tatu dhidi ya mbili. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema alipaswa kujitoa, nayo yenyewe ikagawanyika tano kwa nne.

Mwaka 2015 Wizara ya Sheria ilieleza jinsi mji wa Ferguson, Missouri, ulivyotumia polisi na mahakama kama njia ya kukusanya mapato kwa faini, na watu weusi ndio walioumizwa zaidi. Na katika sehemu nyingi za nchi hii, watu wawili wenye shtaka moja hulala sehemu tofauti: mwenye fedha ya dhamana kwake, asiye nayo mahabusu. Illinois ndiyo ilikuwa ya kwanza kufuta kabisa dhamana ya fedha, Septemba 2023.

Na jambo linalotugusa sisi moja kwa moja: majaji wa uhamiaji ni waajiriwa wa Wizara ya Sheria, hawako katika mhimili wa mahakama. Mshtakiwa wa jinai asiye na uwezo hupewa wakili na serikali. Anayekabiliwa na kufukuzwa nchini kwa kawaida hapewi, hata kama ni mama asiyejua Kiingereza. Hakuna aliyehongwa hapo, na bado mizani haiko sawa.

Uingereza nako hivyo hivyo. Kwa miaka mingi wasimamizi wa ofisi ndogo za posta walishtakiwa kwa wizi kwa sababu mfumo wa kompyuta uitwao Horizon ulionyesha upungufu wa fedha. Zaidi ya 900 walitiwa hatiani. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walijiua. Kompyuta ndiyo iliyokosea. Mahakama ziliamini mashine na shirika kubwa kuliko mtu mdogo aliyeapa kwamba hakuiba. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kuzifuta nyinginezo.

6. Basi tofauti iko wapi?

Haiko kwenye damu wala rangi. Moyo wa mwanadamu ni ule ule Yezreeli, Kinshasa na Pennsylvania. Mfalme Ahabu alipotaka shamba la Nabothi, mashahidi wa uongo walipatikana mara moja, na wazee wa mji walikubali kuendesha kesi ile.

Tofauti iko katika swali hili: uovu ukitokea, kuna nani wa kuuona na kuusema? Jaji asiyeogopa kufukuzwa na rais anaweza kuamua vyema. Kesi ikisikilizwa mlango wazi, hukumu ikiandikwa na rufani ikiwepo, ni vigumu kuficha. Mwandishi wa habari asiyefungwa atachimba. Na mtu mdogo akiruhusiwa kulalamika bila kupotea usiku, ataendelea kulalamika kama mjane wa Luka 18 mpaka asikilizwe. Luzerne na Posta zilifichuliwa kwa njia hizo, na zote mbili zilichelewa mno. Malawi ilifaulu mapema kwa sababu majaji watano walisema.

Kwa hiyo tusiseme "huku ni mbinguni", wala tusiseme "kote ni sawa". Usemi wa kwanza unatufanya tuwadharau ndugu zetu. Wa pili unatupa ruhusa ya kutofanya lolote.

7. Yanatuhusu sisi

*Simu kutoka nyumbani.* Wahenga walisema, penye udhia penyeza rupia. Wengi tumepenyeza, kwa dola. Neno la Mungu haliungani na wahenga hapa. Hata hivyo tutofautishe. Yuko anayelipa ili achukue kisicho chake, amnunue hakimu, apore shamba la mjane. Huyo ni Ahabu, hata kama fedha zake ni za jasho la usiku kiwandani. Na yuko anayekamuliwa kwa kilicho haki yake, kama mtoto aliyewekwa ndani bila kosa mpaka polisi apewe. Huyo ameporwa, na hatutamtwika mzigo ule ule. Lakini tusizoee kuiita "chai" na kulala usingizi.

Tunapendekeza hivi. Kabla ya kutuma fedha, uliza ada halali ni kiasi gani na risiti iko wapi. Mtafutie ndugu wakili badala ya dalali. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 kwa wasio na uwezo, na TAKUKURU hupokea taarifa kwa namba ya bure 113. Kumbuka kwamba kwa sheria za Tanzania na Kenya mtoaji naye ana kosa, kwa hiyo bahasha unayomtumia kaka yako inaweza kumfunga yeye. Na tukisaidiana kama kanisa, tuchange kwa ajili ya wakili. Itachukua muda mrefu zaidi, kama Paulo alivyokaa miaka miwili.

*Huku.* Ukisimamishwa na polisi barabarani, usitoe fedha kamwe, hata kwa heshima. Ni kosa kubwa. Ukipata barua ya mahakama, nenda tarehe hiyo. Anayekosa kufika mahakama ya uhamiaji anaweza kuamriwa aondoke nchini bila kusikilizwa. Omba mkalimani wa lugha unayoielewa vizuri. Usitie sahihi usichokielewa. Kumbuka wazazi wa Luzerne. Wajihadhari pia wanaotafuta "mjuaji wa makaratasi" anayedai ana mtu wake ndani. Makaratasi yapeleke kwa wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na serikali.

*Ushahidi wetu.* Kutoka 23 inaanza kwa kukataza habari za uongo. Hatuwezi kudai hakimu mwaminifu huku tukipanga maneno ya uongo kwenye fomu ya kodi au maelezo ya ukimbizi. Na wale waliokwisha kuwa raia, mkiitwa kwenye juri, nendeni. Huenda anayehukumiwa siku hiyo ni kijana mweusi maskini anayehitaji mtu mmoja atakayesikiliza pande zote mbili.

*Kanisa.* Mika 3:11 inawakemea wakuu wanaohukumu kwa rushwa na, katika pumzi ile ile, makuhani na manabii wanaohudumu kwa fedha. Paulo alipopeleka sadaka Yerusalemu hakuibeba peke yake. Soma 2 Wakorintho 8:20-21: alitaka mambo yawe sawa mbele za Mungu na mbele za watu pia. Basi na sadaka yetu ihesabiwe na watu wasiopungua wawili, iandikwe, isomwe mbele ya washirika, na mchungaji aulizwe bila anayeuliza kuitwa mwasi.

Maswali ya kujadili kwa vikundi

1. Kwa nini Mungu anasema rushwa hupofusha wenye hekima? Umeona hilo wapi?
2. Ndugu yako ameshikwa bila kosa na anaombwa fedha usiku huu. Tufanye nini kwa pamoja, hatua kwa hatua?
3. Kutoka 23 inakataza kumpendelea maskini katika kesi. Tukiwa na shauri kati ya mshirika na mtu wa nje, tunalitii agizo hili?
4. Ni nani katika kanisa letu ana tarehe ya mahakama mwezi huu? Nani atakwenda naye?
5. Watoto wetu wanasikia nini nyumbani tunapozungumza juu ya nchi zetu?

Sala

Ee Mungu mwenye haki, usiyeangalia uso wa mtu wala kupokea rushwa, wakumbuke walio mahabusu bila kosa, Bukavu, Mombasa, Bujumbura na hapa tulipo. Watie nguvu mahakimu wanaoikataa bahasha. Wasumbue waliokwisha kuipokea, watubu kama Zakayo na kurudisha. Utusamehe sisi tulionunua njia za mkato. Utupe uvumilivu wa yule mjane, na ulimi wa kweli. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.